Kilo Moja Inatosha: Hesabu ya Nyama ya Nguruwe kwa Kaya ya Kidahwe

Swali la kiasi cha nyama ya nguruwe kinachopaswa kununuliwa kwa mlo mmoja wa familia laweza kuonekana dogo mno kustahili nafasi gazetini, lakini ndani yake mna masuala ya uzito unaopotea jikoni, afya ya watu na ya mifugo, ujirani wa watu wa dini mbalimbali, na namna biashara ya nyama inavyoendeshwa mahali ambapo majokofu ni machache. Kidahwe, kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma ambako barabara itokayo Kigoma mjini hugawanyika, tawi moja likielekea Kasulu na jingine Uvinza, ni mahali panapofaa kulichunguza swali hilo, kwa kuwa hapo mnunuzi hukutana na nyama iliyochinjwa asubuhi ileile na hulazimika kuamua papo hapo, mbele ya muuzaji mwenye haraka, achukue kilo ngapi. Uamuzi huo mara nyingi hufanywa kwa kukisia, na kukisia huelekea kuzidisha kuliko kupunguza. Makala haya yanadai kwamba kwa mlo wa kawaida wa kaya ya watu sita, wakubwa kwa wadogo, kilo moja ya nyama ya mchanganyiko inatosha, na kwamba anayezidisha hapotezi fedha tu bali hujitwika taabu ambazo kilo hiyo moja isingemletea.

Kabla ya hesabu, yafaa bidhaa yenyewe ieleweke. Kitimoto, jina la mitaani ambalo Watanzania wengi hulitumia kwa utani na pia kwa kusetiri masikio ya jirani asiyeila nyama hiyo, huuzwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile ya baa na vibanda vya jioni, ambako mteja huchagua nyama mbichi, hupimiwa, kisha hupikiwa na kuletewa pamoja na ndizi na kachumbari. Ya pili ni ya kuichukua mbichi kwenda nayo nyumbani. Katika njia zote mbili bei huhesabiwa kwa uzito wa nyama mbichi, na kinachopimwa kwa kawaida ni mchanganyiko, yaani vipande vyenye mnofu, mfupa, mafuta na ngozi kwa pamoja, kama shoka lilivyoangukia. Nyama hukatwa juu ya gogo, vipande hurushwa kwenye sahani ya mzani, mshale huyumba na kurudi, na muuzaji huongeza kipande kidogo cha ngozi au cha mbavu ili mshale uguse alama. Kipande hicho cha mwisho aghalabu ndicho chenye mfupa mwingi, na mnunuzi makini hukitazama kuliko vyote vilivyotangulia. Sheria ya vipimo inataka mzani wa biashara uhakikiwe na Wakala wa Vipimo kila mwaka na kuwekewa alama ya uhakiki, lakini hata mzani wa kweli kabisa haumwambii mtu ni kiasi gani cha alichokilipia kitakachofika sahanini.

Sehemu ya kwanza ya uzito unaopotea ni mfupa. Katika mchanganyiko uliokatwa bila upendeleo, mifupa huweza kukadiriwa kuwa moja ya tano ya uzito, ikizidi hapo kwenye mbavu na kupungua kwenye paja. Kwa hiyo kilo moja hubakiza takriban gramu 800 za kitu kinachotafunika. Sehemu ya pili huondoka motoni. Mnofu wa nguruwe, kama ulivyo mnofu wa mnyama mwingine yeyote, ni maji kwa karibu robo tatu, na nyuzi za protini zinazoyashika maji hayo zinapopata joto husinyaa na kuyakamua nje, huku mafuta yaliyo chini ya ngozi na kati ya misuli yakiyeyuka na kubaki katika sufuria. Kwa pamoja, maji na mafuta hayo huondoa kati ya robo na theluthi ya uzito, kutegemea ukali wa moto na muda wa kupika. Zile gramu 800, zikipoteza asilimia 30, hubaki gramu 560 za nyama iliyoiva. Hapo ndipo kilipo chanzo cha ugomvi unaosikika mara kwa mara katika vibanda vya kitimoto, mteja akiitazama sahani yake na kuuliza kilo yake imekwenda wapi. Wako wapishi wadokozi, hilo halikanushiki, lakini katika visa vingi mdokozi ni moto, na moto hauna wa kumshitaki.

Gramu 560 hizo zagawiwa nani? Wataalamu wa lishe wanapolinganisha kaya zenye watu wa rika tofauti hutumia kizio cha mtu mzima, maana yake ni kwamba mtu mzima huhesabiwa kuwa mmoja kamili na mtoto huhesabiwa kuwa sehemu ya mtu mzima kulingana na umri wake. Kwa matumizi ya nyumbani hakuna haja ya majedwali, kwani yatosha kumhesabu mtoto wa chini ya miaka kumi kuwa nusu na kijana aliyebalehe kuwa mtu mzima kamili, ingawa kila mama mwenye kijana wa miaka kumi na sita anajua kwamba hesabu hiyo humpendelea mwenye duka. Kaya yenye baba, mama, bibi na watoto watatu wadogo ina vizio vinne na nusu. Gramu 560 zikigawanywa kwa vizio hivyo, kila mtu mzima hupata takriban gramu 124 na kila mtoto gramu 62, sawa na finyango nne au tano za wastani kwa mkubwa na mbili au tatu kwa mdogo. Ukirudisha hesabu nyuma hadi kwenye gogo la muuzaji, hupatikana kanuni rahisi ya gramu 220 za mchanganyiko mbichi kwa kila kizio. Anayenunua minofu mitupu, isiyo na mfupa, hahitaji zaidi ya gramu 180 kwa kizio, hivyo kaya hiyohiyo itatosheka na gramu 800; lakini anayenunua kichwa na miguu, ambako mfupa na ngozi hutawala, hana budi kukaribia maradufu, na asione kwamba amepata rahisi.

Kuna atakayeuliza kama gramu 124 ni chakula au ni kionjo. Jibu linategemea sahani inayofikiriwa. Miongozo ya mapishi ya Ulaya na Marekani huweka kipande cha nyama katikati ya sahani, viazi na mboga vikiwa pembeni kama wasindikizaji, na ndiyo maana hupendekeza nyama nyingi zaidi kwa kila mlaji. Mlo wa Kigoma umepangwa kinyume cha hapo. Chakula ni ugali, wa muhogo au wa mahindi, au ndizi, au wali. Nyama, dagaa, migebuka na maharage ni mboga, yaani kitoweo kinachosaidia tonge lishuke. Tonge huchovywa kwenye mchuzi kabla ya finyango kuguswa, na nguruwe ana sifa ambayo hupuuzwa katika hesabu hii, kwamba mafuta yake yaliyoyeyuka hayapotei bali huwa ndiyo mafuta ya kukaangia vitunguu na nyanya, kiasi kwamba mpishi wa Kigoma, mkoa unaojulikana nchini kwa mawese, haihitaji chupa yake ya mawese siku hiyo. Mchuzi wa kilo moja ya mchanganyiko unashibisha watu kuliko mchuzi wa kilo moja ya nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, na mwenye kuongeza bakuli la maharage ya Kasulu pembeni hatasikia mtu akilalamikia idadi ya finyango.

Ziko takwimu za kitaifa ambazo huingizwa katika mjadala huu na kuuvuruga. Kwa miaka mingi taarifa za sekta ya mifugo nchini zimerudia kusema kwamba Mtanzania hula wastani wa kilo 15 za nyama kwa mwaka, ilhali kiwango kinachotajwa kuwa pendekezo la Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa ni kilo 50. Kilo 15 kwa mwaka ni takriban gramu 290 kwa wiki. Kilo 50 ni karibu gramu 960. Kwa upande mwingine, Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani unashauri kwamba mtu mzima anayekula nyama nyekundu, kundi linalojumuisha ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe, asizidishe gramu 350 hadi 500 za nyama iliyoiva kwa wiki, kiwango ambacho kikomo chake cha juu ni sawa na gramu 700 hadi 750 za nyama mbichi. Kilo 50 za mwaka hujumuisha kuku pia, hivyo vipimo hivi viwili havigongani moja kwa moja, lakini anayezitangaza kilo 50 kama deni ambalo kila Mtanzania anadaiwa na tumbo lake angefanya vyema kusoma na upande wa pili. Nguruwe huchanganya watu zaidi kwa sababu mnofu wake ni mweupe kuliko wa ng'ombe na wengi humweka pamoja na kuku. Kitaalamu nyama yake ni nyekundu. Kwa sehemu ya gramu 124, kaya ya Kidahwe ingeweza kula nguruwe mara tatu kwa wiki na kubaki ndani ya kikomo, jambo ambalo mifuko mingi hairuhusu. Tatizo la lishe katika kaya nyingi za mkoa huo ni uchache wa siku zenye kitoweo cha nyama au samaki, na uchache huo hauponywi kwa kurundika kilo tatu katika sufuria moja siku ya Jumapili kisha kula ugali kwa majani ya kisamvu hadi mwisho wa mwezi. Kilo tatu hizo zikigawanywa katika Jumapili tatu zinafanya kazi kubwa zaidi mwilini, hasa kwa watoto, ambao miili yao haina ghala la protini ya kutumia baadaye.

Hesabu yote iliyotangulia imechukulia kwamba kila aliye nyumbani atakula, na katika Kigoma dhana hiyo ni hatari. Ujiji, kituo cha misafara ya biashara ya karne ya 19 ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, ni mji wa Kiislamu tangu enzi hizo, na Uislamu umekataza nyama ya nguruwe bila utata. Wamisionari wa Afrika, wanaofahamika zaidi kwa jina la Mapadre Weupe, walifika Ujiji mwaka 1879, na baadaye Ukatoliki ukaota mizizi katika nyanda za Waha; Waanglikana nao wakajenga makao Kasulu. Juu ya hao wako Waadventista Wasabato, wenye hospitali yao ya Heri huko Buhigwe, ambao kwa kufuata sura ya 11 ya kitabu cha Walawi humwepuka nguruwe sawasawa na Waislamu, na hukataa pia kambale kwa kukosa magamba. (Dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika wana magamba, jambo linaloufanya mlo wa ziwa kuwa meza ambayo madhehebu yote ya mkoa huweza kuizunguka bila mtu kuomba radhi.) Ndoa, ukwe na malezi ya watoto wa ndugu vimewachanganya watu hawa kiasi kwamba kaya moja yaweza kuwa na shemeji Mwislamu, mpangaji Msabato na watoto Wakatoliki, na mnunuzi anayehesabu vichwa badala ya kuhesabu walaji atarudi na nyama ya watu sita kwa ajili ya watu wanne.

Kaya za namna hiyo zina desturi zake, ambazo kwa sehemu kubwa ni za busara: sufuria ya nguruwe hutengwa na haipikiwi kitu kingine, kisu na kibao vyake huwekwa kando, na mara nyingi walaji huamua kwenda kuila nje ili kuiepusha nyumba na harufu. Historia inaonyesha kwamba jambo hili halifai kuchezewa, kwani Aprili 1993 maduka ya nyama ya nguruwe yalishambuliwa jijini Dar es Salaam na ugomvi wa bucha ukageuka suala la dola. Ikilinganishwa na misukosuko hiyo, sufuria ya pili nyuma ya nyumba ni suluhisho la gharama ndogo sana, na ukubwa wa sufuria hiyo unahusika moja kwa moja na swali la kilo. Kilo moja huingia katika sufuria ndogo, huiva kwa muda mfupi, huliwa ikaisha, na chombo huoshwa kabla mgeni asiyeila hajafika. Kilo tatu huhitaji sufuria kubwa ya familia, ileile inayopikiwa wali wa watu wote, na mabaki yake hulala jikoni ambamo wengine hupita. Asiyekula nguruwe naye ana haki ya kitoweo, na fedha iliyookolewa kwa kununua kilo moja badala ya mbili inatosha kumtafutia fungu la dagaa.

Upande wa muuzaji una mantiki yake, na si haki kumsawiri kama mlaghai. Nguruwe wa kilo 80 akiwa hai hutoa mzoga wa takriban kilo 60 baada ya kuondolewa damu na matumbo, na mchinjaji asiye na jokofu hana budi kuumaliza mzoga huo siku hiyohiyo, kwa kuwa joto la mchana la ukanda wa ziwa huharibu nyama mbichi haraka. Saa za asubuhi huwa na bei thabiti na vipande vya kuchagua. Kadiri jua linavyoshuka ndivyo anavyozidi kushawishi, akimhimiza mteja aongeze nusu kilo, aongeze na kilo nzima, atapunguziwa. Punguzo la jioni ni la kweli kwa upande wa fedha, lakini linachofanya ni kuhamisha tatizo la kuhifadhi kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi, ambaye naye hana jokofu. Ushauri wa kawaida wa usalama wa chakula ni kwamba nyama isikae kwenye joto la kawaida la chumba zaidi ya saa mbili, na saa moja tu kukiwa na joto la zaidi ya nyuzi 32. Nyama ya saa kumi na moja jioni, iliyochinjwa alfajiri, imekwisha kuyapita masaa hayo mara kadhaa kabla haijafika sufuriani, na nyongeza yake italala hadi kesho. Ipo njia ya kuikaanga mpaka ikauke na kuiacha izame katika mafuta yake yenyewe ili hewa isiifikie, lakini ni kazi ya kuni nyingi na uangalifu mkubwa, na anayeijua vizuri hahitaji kuambiwa anunue kiasi gani.

Wingi una hatari nyingine ambayo haionekani kwa macho kirahisi. Tegu wa nguruwe ni mnyoo ambaye maisha yake hugawanyika kati ya binadamu na nguruwe: mtu aliyekula nyama yenye vifuko vya mnyoo huyo, vyeupe na vidogo kama punje, hupata tegu tumboni; mayai ya tegu hutoka na kinyesi chake; nguruwe anayezurura na kula kinyesi hicho huota vifuko vipya katika misuli yake. Madhara makubwa zaidi huja pale binadamu anapomeza mayai hayo, kwa mikono michafu au kwa mboga mbichi zilizooshwa kwa maji machafu, kwa sababu vifuko huweza kuota katika ubongo na kuleta kifafa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo mengi yenye maradhi haya, asilimia 30 ya visa vya kifafa hutokana na mnyoo huyo. Kwa maneno mengine, kachumbari inayoandamana na kitimoto inaweza kumdhuru mtu kuliko kitimoto chenyewe, na mpishi anayekagua nyama huku akikata nyanya ambazo hazijaoshwa amelinda mlango mmoja na kuacha mwingine wazi. Kwa upande wa nyama, kinga ni mhuri wa mkaguzi na moto wa kutosha hadi katikati ya kila kipande, rangi ya waridi ikiisha kabisa. Sufuria iliyosheheni vipande vikubwa juu ya jiko la mkaa huiva kwa nje na chini huku vipande vya juu na vya kati vikibaki nusu, na mpishi aliyezidiwa na njaa za watu hupakua mapema. Vipande vidogo vya kilo moja, vikipata nafasi ya kugeuzwa, huiva sawasawa.

La mwisho katika mlolongo huu ndilo lisilofikiriwa kabisa na mnunuzi, nalo ni hatima ya mabaki. Homa ya nguruwe ya Afrika, maradhi ya virusi yaliyoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921 na R. E. Montgomery kutokana na milipuko ya Kenya, huishi bila kuleta maradhi ndani ya ngiri na papasi wa mashimoni mwao, lakini ikimpata nguruwe wa kufugwa huua karibu zizi zima. Haimdhuru binadamu, na hapo ndipo ujanja wake ulipo, kwa sababu mfugaji anayewaona nguruwe wake wakianza kufa hukimbilia kuchinja waliobaki na kuwauza kabla karantini haijatangazwa, nyama ya bei ya kutupa ikajaa sokoni, na wateja wakanunua kilo nne walipokusudia moja. Virusi hivyo hudumu katika nyama mbichi, na hata katika iliyoganda, kwa muda mrefu. Maji ya kuoshea nyama hiyo, mifupa iliyotafunwa nusu na mabaki yaliyochacha humwagwa katika beseni la pumba na kupelekwa kwa nguruwe wa nyumbani au wa jirani, na mlipuko huhamia kijiji kingine bila nguruwe hata mmoja kuvuka barabara. Si dhana tu: mwaka 1957 maradhi haya yalitua Lisbon, Ureno, na chanzo kilichotajwa ni mabaki ya chakula cha ndege yaliyolishwa nguruwe karibu na uwanja wa ndege, na mwaka 2007 yalizuka nchini Georgia, jirani na bandari ya Poti, na lawama ikaangukia taka za meli. Ikiwa mabaki ya abiria yaliweza kuvuka bahari na kuteketeza mazizi, basi mabaki ya sikukuu yanaweza kusafiri kwa urahisi kutoka njia panda ya Kidahwe hadi Kasulu ndani ya mfuko wa plastiki. Nyama inayoisha mezani haina safari hiyo, na mteja anayekuta bei imeshuka ghafla katika wiki isiyo na sababu ya kushuka ana haki ya kurudi nyumbani mikono mitupu.

Pingamizi zito dhidi ya kilo moja halitokani na lishe wala maradhi, bali na heshima. Mwenyeji wa Kiha, kama walivyo wenyeji wengi wa nchi hii, haonyeshi ukarimu kwa kugawa finyango kwa kuhesabu, na mkwe aliyekuja kutoka mbali kwa Noeli hapaswi kuiona sufuria ikikwanguliwa. Pingamizi hilo lina haki yake, nalo hujibiwa kwa kubadili kanuni ya siku: kwa sikukuu kizio kimoja kihesabiwe gramu 300 za mchanganyiko, hivyo watu wazima kumi watahitaji kilo tatu, na ikiwa kuna kuku au samaki mezani hesabu irudi chini, kwa kuwa mgeni hujaza sahani moja tu hata kama sufuria ni tatu. Kosa linalofanyika ni kuichukua kanuni ya Noeli na kuifanya ya kila Jumapili. Kwaresima nayo hupunguza walaji wa Kikatoliki kwa siku zake za kujinyima nyama, na mwenye bucha anayechinja Ijumaa Kuu hajafanya utafiti wa soko lake.

Hali ya majokofu inabadilika. Sehemu za mkoa wa Kigoma zilianza kuunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022, na Kidahwe yenyewe ndiko kilikowekwa kituo cha kupozea umeme wa njia ya kilovoti 400 kutoka Nyakanazi. Jokofu litakapokuwa kitu cha kawaida katika bucha na majumbani, sababu ya kununua kila siku itadhoofika, na mnunuzi atakuwa na haki ya kutumia punguzo la jioni kwa faida yake mwenyewe. Hata hivyo, idadi ya gramu kwa kizio haitabadilika kwa sababu ya umeme. Nyama iliyoyeyushwa haifai kurudishwa kugandishwa, na furushi la kilo nne lililoganda pamoja humlazimisha mwenye nyumba kuzipika zote nne kwa siku moja. Anayenunua nyingi kwa ajili ya jokofu, basi, amwombe muuzaji apime na kufunga kilo mojamoja katika mifuko minne tangu pale gogoni, kazi ya dakika chache ambayo haiongezi bei.